Jiwe la Uzinduzi Lililotoboa Mashua Yetu

Kitongoji cha Mwabulugu,
Ng'ambo ya ghuba,
Wilaya ya Chato.
Jumapili, 8 Desemba 2024.

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi wa Uzinduzi wa Tatu
(ambaye bado hajateuliwa).

YAH: OMBI LA MASHUA YETU KUTENGENEZWA BILA KUZINDULIWA

Mheshimiwa, shikamoo.

Leo baada ya misa nimekaa mezani na kuahidi mbele ya mama yangu kwamba nitakueleza yote, bila kuongeza na bila kupunguza, hata yale ambayo Mwalimu Benedict aliyakata kwa kalamu nyekundu. Mwalimu Benedict anatufundisha Kiswahili, na pia ni katibu wa Kamati ya Sherehe. Alinipa heshima ya kuandika risala utakayosomewa siku ukija. Niliandika kurasa nne. Alibakiza "Itifaki imezingatiwa" na shukrani za mwisho. Katikati amesema nitajaza mwenyewe kwa furaha. Kwa kuwa furaha hiyo bado sijaipata, yaliyokatwa nayaleta kwako kwa barua.

Alitufundisha pia kwamba barua rasmi ina anwani mbili. Yako nimeiacha wazi kwa sababu hakuna anayejua utakuwa nani. Wageni rasmi wawili waliokutangulia walitokea upande wa Geita mjini, kwa hiyo barua hii nitampa kondakta wa basi la Geita, naye ameahidi kuifikisha kwa mtu yeyote atakayeonekana anajiandaa kuja kwetu.

Naitwa Eufrasia Masele, nimemaliza kidato cha tatu. Nyumbani ni upande huu wa ghuba na shule iko upande ule. Kwa mashua, upepo ukiwa mzuri, ni mwendo wa kusali rozari moja. Kwa miguu unazunguka mbuga yenye matete na tope la magotini. Unaondoka nyumbani giza halijaisha na unafika shuleni wenzako wanafuta ubao wa kipindi cha pili. Mdogo wangu Lusia amefaulu darasa la saba na ataanza kidato cha kwanza Januari, shule hiyohiyo. Mama ameshasema, na Mama huwa harudii: mashua ikitembea, Lusia atasoma, isipotembea, Lusia atakwenda Nyahanga kule Kahama, kwa shangazi yetu, akamlelee mtoto na kumsaidia kuuza wali. Sare yake imeshashonwa. Hajaivaa, ameitundika tu ukutani anaitazama. Mheshimiwa, jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote ni maelezo.

Sasa nikueleze mashua. Ni ndogo, ya tanga moja, na aliyetuachia ni mhandisi mgeni aliyekuwa akifanya kazi migodini. Siku za mapumziko alikuja kutembea nayo ziwani, havui samaki wala habebi dagaa, anakwenda na kurudi mtupu, jambo lililowasikitisha sana wazee wetu. Mkataba wake ulipokwisha akaikabidhi shule, akamfundisha Luka kuiendesha, akaondoka. Luka alikuwa mvuvi, na sasa ndiye nahodha wetu. Mhandisi hakukata utepe wala hakuvalishwa skafu. Nadhani matatizo yalianzia hapo.

Mashua hiyo si ya mbao tupu. Ni ya faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi kali. Sitaha yake, pale juu tunapokaa na kukanyaga, ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake kuna plaiwudi. Ikiwa kavu ni ngumu na unaweza kuirukia. Ila ukiitoboa, maji yanaingia katikati na hayana pa kutokea, plaiwudi inaoza ndani huku juu pakiwa bado panang'aa. Mhandisi alimweleza Luka hayo, na Luka akaieleza Kamati. Kamati ilimshukuru kwa mchango wake.

Muhula mzima tulivuka. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyelowa. Hatukujua kwamba tulikuwa tunakosea. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu jiwe.

Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe, Mzee Deogratias, alirudi kutoka safari ya Kahama akatukuta tunashuka mashuani na madaftari yetu. Aliuliza mashua hii ilizinduliwa na nani. Luka akajibu kwamba ilizinduliwa na upepo. Mzee Deogratias hakucheka. Jioni ileile Kamati ilikaa na kuamua kwamba chombo ambacho hakijazinduliwa hakitumiki, na mashua ikafungwa mnyororo. Ilifungwa pamba ikiwa inaanza kuchumwa, na ikafunguliwa pamba ikiwa imeshauzwa yote, maana mgeni rasmi wa kwanza alikuwa na ratiba ngumu. Muda wote huo tulizunguka mbuga kwa miguu, na kila asubuhi tuliipita ikielea mahali pake, nzima, kavu, ikimsubiri.

Kisha likaja jiwe la uzinduzi kutoka Mwanza, jeusi, zito, wanaume wawili wanalibeba kwa kupokezana. Jina la mgeni lilichukua mistari mitatu pamoja na cheo. Majina ya Kamati yakafuata. Jina la mashua halikupata nafasi. Luka aliomba lijengewe ufukweni. Mzee Deogratias akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba jiwe likikaa ufukweni tutakuwa tumezindua ufuko. Kwa hiyo lilifungwa juu ya sitaha kwa boliti nne, na kila boliti ilipata tundu lake.

2. Kuhusu meza kuu na ngoma.

Kwa kuwa jiwe lilikuwa kwenye mashua, pazia lake lilipaswa kufunuliwa kwenye mashua. Kwa kuwa mgeni alikuwa kwenye mashua, ujumbe wake haukuweza kubaki nchi kavu, ingekuwa kama wamemtenga. Ikawekwa meza kuu juu ya sitaha, na kitambaa cha njano, maua, na maji ya chupa, huku chini yao kukiwa na ziwa zima la maji. Mashua ilikuwa imefungwa palepale kwenye kina kifupi, kwa hiyo haikuzama. Ilikaa tu.

Halafu ikafika zamu ya bugobogobo. Unaijua, Mheshimiwa: ni ngoma ya wakulima, huchezwa na majembe, yanarushwa juu, yanazungushwa na kudakwa. Bila jembe si bugobogobo. Wachezaji walitaka kucheza mchangani. Ikaonekana kwamba mgeni, kwa namna alivyokaa, angewapa kisogo, na itifaki hairuhusu mgeni kuipa kisogo ngoma ya asili. Kuigeuza meza kuu kusingewezekana, maana mashua haina nafasi ya kugeuza meza. Wakapandishwa wachezaji watatu, mahodari. Wawili walidaka majembe yao.

Mlio wa jembe la tatu ulikuwa kama wa kibuyu kikipasuka. Mshereheshaji aliomba makofi, tukapiga. Mgeni alisema kwamba hajawahi kuona ngoma yenye nguvu kiasi kile, akamtuza mchezaji wa tatu.

3. Kuhusu kiatu.

Mvua za vuli zilishuka kupitia tundu la jembe na boliti nne za jiwe, na sitaha ikaanza kubonyea chini ya miguu. Mwanzoni mwa mwaka huu akaletwa fundi wa faiba kutoka Nyahanga, Fundi Marselino, anayeziba bampa za malori na matangi ya maji ya watu wa migodini. Hakuwahi kugusa mashua yoyote. Alipofika aliizunguka mara mbili, akauliza namba zake za usajili ziko wapi na kama imewahi kugonga ng'ombe. Lakini kazi yake anaiweza, na anasema hivyo mwenyewe kabla hujamuuliza. Alilifungua jiwe akaliweka pembeni. Akaikata ngozi ya juu, akaitoa plaiwudi iliyooza, ikatoka kwa kuchotwa na kijiko kama mkate uliosahaulika ndani ya chai. Akaweka mpya, akaupiga msasa ukingo wote, akatandika kitambaa cha faiba tabaka juu ya tabaka, akakilowesha kwa gundi iliyochanganywa na dawa yake ya kukausha. Alituambia sote tusisogee, iachwe mpaka igande kabisa.

Uzinduzi wa pili ulipangwa wiki iliyofuata. Usilinganishe na wa kwanza, Mheshimiwa, kwa sababu ule ulikuwa uzinduzi wa mashua na huu ulikuwa uzinduzi wa ukarabati wa mashua. Ila ratiba ya mgeni wa pili ilibadilika, akaja kesho yake asubuhi, gundi ikiwa bado ina unyevu. Fundi Marselino angeweza kusema. Lakini alikuwa ameahidiwa picha ya pamoja na mgeni, ameshavaa koti la suti la kuazima, akasimama upande ambao mwanga ulikuwa mzuri.

Mgeni akapanda. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Hatua ya pili mguu ulinyanyuka na kiatu kikabaki.

Hakuna mwanakamati aliyejua kama kiatu cha mgeni rasmi hung'olewa kabla ya hotuba au baada yake. Wakanong'onezana, wakaamua baada. Mgeni alihutubia kwa utulivu mkubwa, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, kuhusu umuhimu wa kutunza miradi. Kilipong'olewa kiliacha alama nzima, kisigino, soli na hata jina la kampuni kinyumenyume. Fundi alitaka kuijaza puti na kuipiga msasa. Kamati ilimkataza. Alama hiyo sasa ni kumbukumbu, imezungushiwa rangi nyeupe na haikanyagwi. Mvua ikinyesha inajaa maji, na kunguru wanakunywa.

Jiwe la kwanza lilirudishwa kwenye matundu yake. La pili, la ukarabati, likafungwa kando yake kwa matundu mapya. Tangu siku hiyo mashua yetu ina mawe mawili mbele, na inakwenda imeinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa ofisini.

4. Kuhusu Jenifa.

Jenifa alikuwa anakaa dawati moja na mimi. Mwezi wa sita, tukiwa tunashuka, alikanyaga karibu na jiwe la pili na mguu wake ukazama ndani ya sitaha mpaka gotini. Juu palikuwa panang'aa. Faiba ikipasuka inakata kama chupa, na alishonwa kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Baba yake akaiogopa mashua, akampangia chumba ng'ambo, karibu na shule. Chumba hicho kiko kwenye njia wanayopita wachimbaji wadogo wakienda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Mheshimiwa una watoto, sina haja ya kuandika kilichofuata. Siku hizi anapika wali na maharage hukohuko maduarani. Nilikutana naye mnadani mwezi uliopita akaniuliza hesabu tumefika wapi. Nikamwambia tumefika kwenye duara, kutafuta kipenyo.

"Basi mmefika mbali," akasema, akaendelea kuchagua nyanya.

Katika taarifa ya Kamati jambo hili limeandikwa kuwa ni "changamoto ndogo ya miundombinu". Tangu siku hiyo mashua imetolewa majini na kufunikwa turubai.

5. Kuhusu zege.

Wiki mbili zilizopita Kamati ilikaa tena kutafuta chanzo cha tatizo. Walichunguza kwa makini, wakagundua kwamba mawe hayana kosa. Mawe ni mazima, hayana hata ufa. Kosa ni la sitaha, ambayo imeshindwa kubeba mawe. Kwa hiyo imependekezwa kwamba badala ya kuziba tundu, sitaha yote imwagiwe zege lenye nondo na kupambwa kwa vigae, ili iweze kubeba jiwe la tatu, ambalo ni lako, pamoja na meza kuu, kwaya, na kikundi kizima cha bugobogobo.

Luka alinyoosha mkono akauliza kama itaelea.

"Luka," Mzee Deogratias akamjibu, "kazi yako wewe ni kuvusha watoto. Haya ya kuelea tuachie sisi."

Baadaye walikubaliana kwamba ni kweli haitaelea, na hilo likawafurahisha, kwa sababu isipoelea haitahitaji kwenda majini, na isipokwenda majini haitaoza. Itajengewa uzio na kupandiwa maua. Itakuwa mashua ya kwanza katika ukanda wetu iliyo salama kabisa dhidi ya maji. Nilipomsimulia Mama habari hizo aliinuka. Alikwenda kulitoa begi lililo uvunguni, akalikung'uta vumbi, na Lusia akatoka nje.

Mheshimiwa, baada ya kueleza hayo, naleta maombi yangu. Naomba usiyaone kama utovu wa adabu, maana nimeyafikiria kwa muda mrefu na kwa faida ya pande zote.

Siyapingi mawe. Jiwe ni kitu kizuri na mtu aliyefanya kazi anastahili kusomwa. Ninachoona ni kwamba mashua ni mahali pabaya pa kuweka jiwe, kwa sababu wanaolisoma ni sisi tu, na sisi tumeshalikariri. Gari lako, kwa upande mwingine, linapita Geita, Chato, Kahama na kwingineko, na watu wengi husimama kulitazama. Boneti yake ni ya bati imara. Fundi Marselino amenihakikishia kwamba matundu manne ni kazi ya muda mfupi na hatadai chochote zaidi ya picha. Naomba basi jiwe lako lifungwe kwenye boneti ya gari lako. Maji yakiingia injini, tutakupigia makofi.

Na kwa kuwa Kamati ina msimamo kwamba chombo ambacho hakijazinduliwa hakitumiki, gari litapaswa kufungwa mnyororo mpaka apatikane mgeni rasmi wa kulizindua. Usiwe na wasiwasi. Wakati unasubiri tutakuonyesha njia ya kuzunguka mbuga kwa miguu. Tunaijua vizuri, pamoja na sehemu zenye ruba.

Bugobogobo ichezwe juu ya paa la gari, ukiwa ndani, ili kusiwe na suala la kupeana kisogo.

Lakini ombi langu kubwa ni dogo kuliko yote hayo. Naomba usije. Badala yako naomba vije plaiwudi moja, kitambaa cha faiba, gundi na dawa yake, msasa, na Fundi Marselino akiwa amevaa nguo za kazi. Mawe yote mawili yang'olewe na matundu yake yazibwe. Kisha tupewe siku tatu za jua bila makofi, gundi igande. Siku ya nne Luka atasukuma mashua majini, na sisi tutapanda kimyakimya kama watu wanaokwenda shule.

Nakushukuru kwa muda wako, nikijua kwamba ni mwingi kwa mambo mengine. Msalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, dereva wako, katibu wako, na yule anayekushikia simu ukiwa unahutubia. Wasalimie wageni rasmi wawili waliokutangulia. Yule wa pili mwambie kunguru wanamshukuru. Mama anakusalimu. Luka anakusalimu na anasema yeye hana la kuongeza. Lusia anakuamkia.

Ni mimi ninayekuheshimu zaidi ukiwa mbali,
Eufrasia Masele.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha Mwalimu Benedict alipopita nyumbani. Nilimwonyesha barua hii, kwa sababu si vizuri kumficha mwalimu. Aliisoma yote ameshika kalamu nyekundu na hakukata hata neno moja. Akaomba maji, akanywa, ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua. Fungu la kutengeneza mashua halipo na halijawahi kuwepo. Lililopo ni fungu la sherehe. Ile plaiwudi, ile gundi, hata nauli ya Fundi Marselino, vyote vilinunuliwa kwa sababu mgeni alikuwa anakuja na isingefaa aone tundu. Mwaka huu mwalimu mwenyewe aliandika kuomba matengenezo bila sherehe, na jibu lililorudi lilimuuliza tarehe ya sherehe. "Mwanangu," akaniambia, "bila mgeni hakuna gundi."

Kwa hiyo Mheshimiwa, nayafuta yote niliyoandika hapo juu, kuanzia lalamiko la kwanza mpaka ombi la mwisho. Tafadhali njoo. Njoo na jiwe kubwa, njoo na ujumbe, ukae popote utakapopenda, ngoma ichezwe na majembe yote. Mwalimu anasema mgeni akitamani kupigwa picha tanga likiwa juu, Kamati itaahirisha zege, na mashua ikishakuwa majini Luka anajua la kufanya. Risala nimeshaanza kuijaza kwa furaha.

Limebaki jambo moja. Mwalimu ana wasiwasi kwamba mtu wa cheo chako hawezi kutoka Geita kwa ajili ya tundu dogo. Yule mgeni wa pili alikuja kwa tundu ambalo, Fundi alipomaliza kukata, mtu mzima angeweza kupita. Hili letu la sasa ni la mguu wa Jenifa tu. Luka ameazima msumeno na Mama amekubali. Kondakta anayekuletea barua hii anarudi na basi kesho, na shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo naomba unijibu kupitia kwake: tundu liwe na ukubwa gani, Mheshimiwa, ndipo uje kabla Lusia hajasafirishwa?